Bwana Hodi

Ndugu zangu, mngeipita nyumba ile Jumapili hiyo mngeionea kijicho. Mkaguzi wa kazi wa serikali alikuwa kibarazani na kikombe chake cha chai. Kando yake, mdogo wake wa kike alikuwa akimsuka mtoto wa kaka yake, vidole vikienda mbio, na mtoto akilia kilio cha uongo.

"Kaka, keshokutwa unakuja kiwandani kwetu, eh?"

"Nani kakwambia?"

"Nani asiyejua? Tumeambiwa turudishe vile vifuniko vinavyozuia mkono usifike kwenye visu vya mashine. Ukitoka tu vinavuliwa, eti vinachelewesha kazi."

Mkaguzi akacheka. Ni kweli alimpigia simu meneja kumwarifu siku ya kuja, kama alivyowapigia mameneja wote. Alilelewa hivyo: mtu haingii kwa watu kama mwizi, hupiga hodi.

"Huo ni ustaarabu tu," akasema. "Na wewe acha umbeya, utaniharibia."

Basi akaenda. Akakuta vifuniko vinang'aa, akanywa soda, akasaini kwamba mambo ni shwari. Nami nawauliza, wenzangu: paka akijivisha njuga, atamkamata panya gani?

Wiki haikuisha, akaitwa hospitali. Mashine ya kukatia sabuni ilikuwa imeondoka na vidole vya mdogo wake, mkono wa kulia, kikabaki kidole gumba. Mwanamke mwenzake wa kazini aliyemleta alimtazama mkaguzi toka viatuni hadi usoni.

"Kumbe Bwana Hodi ndiye kaka yako?" akamuuliza mgonjwa.

"Bwana nani?" mkaguzi akauliza.

"Si ndilo jina lako kule kwetu!"

Mgonjwa akageukia ukutani. Siku zote alikuwa akilisikia jina lile, analimeza kwa heshima ya kaka yake. Mkaguzi aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake aliingia kiwandani bila simu. Visu vilikuwa wazi, watu wanafanya kazi. Akazisimamisha mashine zote mpaka vifuniko vichomelewe visivulike tena.

"Afisa, leo hata hodi?" meneja akalalamika.

Jumapili moja, mgonjwa akiwa amerudi kutoka hospitali, mtoto alimwendea shangazi yake na kitana.

"Shangazi, nisuke."

"Mpelekee baba," shangazi akasema taratibu, mkono wake ukiwa chini ya kanga.

Mkaguzi akakipokea kitana, akakaa nyuma ya mwanawe. Hakujua aanzie wapi.

FUNZO

Hodi ni ya nyumbani kwa mtu. Mkaguzi wa kazi amewekwa na serikali amlinde anayesimama mbele ya kisu, na heshima yake ya kwanza ni ya huyo, si ya mwenye kiwanda. Akitangaza ujio wake, ataonyeshwa anachotakiwa kuona. Na mfanyakazi akikuambia hatari ilipo, hata kama ni mdogo wako, usimcheke. Msikilize angali na vidole vyake.