Boksi la Watu Watatu

Jumatatu ile giza lilikuwa linaanza kunyemelea pale Fundi aliposhuka ngazi kwenda getini kupokea boksi la chakula. Hakuwa na hamu nalo. Alikuwa ametoka kazini muda si mrefu, vidole bado vyeupe kwa plasta, mgongo unamuuma, na kama angeulizwa angesema afadhali walale na chai. Lakini hakuulizwa.

Fundi alikuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya kliniki, akimimina plasta kwenye vipimo vya vinywa vya watu, akichonga nta, akisugua jino moja moja mpaka ling'ae. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na saa tisa alasiri yeye alishajinyoosha kwenye kochi. Tangu uchumba wao waliitana kwa kazi zao: Fundi na Mwalimu. Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, mvulana wa miaka kumi na mbili, walimwita Bosi kwa sababu ya kupenda kuamrisha. Wa mwisho, msichana wa miaka sita, ndiye Kitinda, na hakuwa na habari na amri za mtu.

Jioni za nyumba hiyo zilikuwa zimeharibika. Chakula kinachelewa, Fundi anafoka, Bosi ananuna, Mwalimu anatazama saa. Ndipo Mwalimu akaja na wazo. Kuna kampuni zinaleta boksi lenye kila kitu, kimepimwa na kuoshwa, na kadi ya maelekezo juu yake. Kazi yako ni kuwasha jiko. Fundi alifurahi mpaka akaona aibu. Alidhani mume amemwonea huruma.

Kampuni ya kwanza ilileta karoti zilizolegea, ungeweza kuzipiga fundo. Ya pili ilileta punje nne za pilipili manga ndani ya kifuko, na kadi yenye hatua ishirini na sita.

"Hapa wameandika, pumzika dakika tano," Mwalimu alisoma.

"Nani apumzike? Mimi au kuku?"

Walicheka wote wanne siku hiyo. Fundi angekuja kukikumbuka sana kicheko hicho.

Hii ya Jumatatu ilikuwa kampuni ya tatu.

Getini alisimama mwanamke. Ovaroli ya kijivu, glavu, kofia imeshushwa, mdomo umefunikwa kwa kitambaa. Hapakuwa na gari wala pikipiki. Alinyoosha boksi bila salamu. Halikuwa na jina la kampuni, wala namba ya simu.

"Ahsante, dada," Fundi alisema.

Kulikuwa na harufu... si ya nyama, si ya mboga. Plasta mbichi. Nta iliyoungua. Fundi alinusa vidole vyake mwenyewe, akajiambia kazi imemfuata mpaka nyumbani.

Jikoni alifungua boksi. Mapaja matatu ya kuku. Viazi vitatu vikubwa. Vifuko vitatu vya viungo.

"Mwalimu, hawa wamekosea. Tupo wanne."

"Waliuliza watakaokaa mezani ni wangapi," Mwalimu alijibu bila kuinua macho. "Wewe hukai mezani."

Ilikuwa kweli. Fundi alilelewa na mama aliyekula wa mwisho, kwa kusimama, akikomba sufuria mgongo ukiwa umeegemea karo, na yeye akarithi bila hata kufikiri. Meza yao ilikuwa na viti vinne, na cha nne kiliwekewa mabegi ya shule. Hata hivyo, neno lile lilimchoma. Akapika.

Watoto walilamba sahani. Mwalimu aliongeza mchuzi mara mbili. Fundi alikomba sufuria kama kawaida yake, akaweka kijiko mdomoni, akatafuna.

Hakikuwa na ladha. Hakuna chumvi, hakuna kuku, hakuna kitu. Alitafuna kama anayetafuna karatasi iliyolowa, huku mezani wakisifia.

Jumanne alikuwa anaosha uso pale kengele ilipolia. Mwalimu ndiye aliyefungua mlango. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa kupokea boksi. Fundi alisikia sauti ya chini ikiuliza jambo, kisha kimya, kisha mlango ukafungwa taratibu. Mwalimu alirudi kijasho kimemtoka juu ya mdomo.

"Kulikoni?"

"Hakuna kitu."

Usiku huo watoto walikula wakimsifu mpishi, lakini Fundi alipomwita Bosi aje aoshe vyombo, ilibidi aite mara tatu. Mtoto alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Alipogeuka, alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Jumatano, Fundi alifungua mwenyewe.

Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini, karibu mno, ncha za viatu zimevuka mlango. Kofia hakuwa nayo. Nywele zilikuwa zimesukwa mistari ileile ambayo Fundi alisukwa Jumamosi. Polepole alishusha kitambaa... akatabasamu.

Kuna watu wanaosahau sura na kukumbuka sauti. Fundi alikumbuka meno. Jino la chonge la kushoto lilikuwa limempanda jirani yake. La mbele lilikuwa na ufa mwembamba ukingoni. Fizi ya juu imeinuka kidogo upande wa kulia.

Yalikuwa meno yake.

Siku zile za kujifunza kazi, fundi yeyote huanza na kinywa chake mwenyewe, na kile kipimo chake cha plasta alikuwa bado nacho kwenye droo kazini. Alhamisi alasiri alikitoa, akakikagua. Chonge. Ufa. Fizi. Hakukosea hata kidogo. Akaomba ruhusa, akasema anaumwa, na haukuwa uongo.

Alifika nyumbani saa kumi na moja. Mwalimu alikuwa bafuni, maji yanamwagika. Simu yake ilikuwa juu ya kochi. Fundi aliichukua kwa nia moja tu, kusitisha hiyo huduma, basi. Akatafuta ukurasa wa kampuni, akaukuta. Haukuwa na picha wala rangi. Yalikuwa maswali na majibu tu.

*Watakaokaa mezani ni wangapi?* Watatu.

*Kuna kiti kisichokaliwa?* Kimoja.

*Ni nini hakiridhishi kwenye mlo wa jioni?*

Alisoma jibu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza macho yalikataa.

*Mpishi. Anarudi amechoka, ana maneno mengi. Tungempata mwingine kama yeye, asiyechoka.*

*Aliyepo anajua?* Hapana.

Tarehe ilikuwa ya miezi miwili nyuma. Kabla ya karoti zilizolegea, kabla ya zile punje nne za pilipili. Kumbe wiki zote zile za kujaribu boksi hili na lile, za kucheka pamoja, zilikuwa za kumzoesha kufungua mlango. Chini kulikuwa na swali fupi la kila siku. *Mmeridhika?* Jumatatu, ndiyo. Jumanne, ndiyo. Jumatano, ndiyo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba ukikiona, unaweza kukaa kwenye kochi na kulia bila sauti, simu ya mumeo ikiwa mapajani.

Mwalimu alitoka na taulo begani. Aliona simu. Hakujifanya hajui.

"Nilikuwa natania, Fundi. Nilikuwa na hasira siku ile. Mtu anajaza tu..."

"Jumanne ulimwona."

Alivuta taulo begani.

"Ulimwona uso, Mwalimu. Alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama nimeridhika," alinong'ona. "Alikuwa kama wewe. Kama wewe wa zamani."

"Na baada ya kumwona, ukabonyeza ndiyo."

Miaka kumi na minne ya ndoa, na mtu hana hata uongo wa kukuokotea.

Fundi alitelezesha kidole mpaka mwisho wa ukurasa. *Wanaokaa mezani ndio wanaoweza kusitisha. Wengi wape.* Hapo akasimama, akaenda chumba cha kulia, akatupa mabegi ya shule sakafuni, akakaa kwenye kiti cha nne. Akakishika kwa mikono miwili.

"Waite watoto. Leo nakula mezani. Na leo mtasitisha hiki kitu mbele yangu."

Ndipo aliposikia kisu.

Tak. Tak. Tak.

Kilikuwa kinakata kitunguu jikoni. Kengele haikulia. Mlango haukufunguka. Harufu ya plasta na nta ilikuwa imejaa nyumba nzima, na ndani yake, kwa mara ya kwanza, harufu tamu ya chakula.

Watoto walikuja wakakaa. Mwalimu alikaa wa mwisho, macho mezani. Mwanamke alitoka jikoni amevaa aproni ya Fundi, akapanga sahani. Moja kwa Mwalimu. Moja kwa Bosi. Moja kwa Kitinda. Alipofika kwenye kiti cha nne, alisimama nyuma yake, akangoja.

"Mwalimu," Fundi alisema. Sauti ilikuwa yake lakini nyembamba. "Sema hapana. Neno moja tu."

Mwalimu alitazama mvuke unaopanda kutoka kwenye sahani. Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili kamili. Chakula kilikuwa kwenye wakati.

"Bosi, mwanangu."

Mtoto alichezea uma. "Yeye hafoki," alisema polepole. "Jana baba alituuliza. Nikamwambia ukweli."

Huyu ndiye ambaye Fundi alimlaza kifuani wiki tatu alipozaliwa kabla ya siku zake, hajalala, hajaoga, akihesabu pumzi zake.

Kitinda peke yake alikuwa anamtazama machoni, midomo inamcheza.

"Mama, mimi nilibonyeza hapana," alisema. "Lakini wao walikuwa wawili."

Mkono ukatua begani kwa Fundi. Glavu haikuwepo. Ulikuwa mkono wa baridi, na chini ya kucha kulikuwa na plasta.

"Umechoka," sauti yake mwenyewe ilimnong'oneza sikioni. "Nenda ukapumzike."

Hakukumbuka kusimama. Alikumbuka ngazi, kisha geti, kisha taa za barabarani. Funguo zake hazikuingia tena kwenye kitasa, ingawa kitasa kilikuwa kilekile.

Usiseme hakupigana. Ijumaa asubuhi alimleta kaka yake, mtu na nusu, waliyenyonya naye titi moja. Njiani alimweleza yote, na kaka alikuwa anakunja ngumi. Mlango ulipofunguliwa, kaka aliganda. Ngumi zikalegea. Akacheka, akamkumbatia yule mwanamke, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata Mwalimu hakulijua. Kisha akamgeukia Fundi, kwa heshima zote.

"Samahani, dada yangu. Wewe ulikuwa unamtafuta nani?"

Tangu siku hiyo Fundi alilala kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, kati ya vinywa vya plasta. Kazini walimfahamu vizuri, na mpaka leo hajaelewa kwa nini walibaki hao tu. Labda kwa sababu hawakuwahi kula naye. Jirani wa chini alimpita sokoni bila salamu, lakini alimsikia akimwambia mwenzake kwamba mke wa Mwalimu siku hizi amekuwa mpole, anapendeza. Aliuliza kwa waganga wawili. Wa kwanza alitaka kujua kampuni inaitwaje, na Fundi hakuwa na jina la kumpa. Wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja mkeka wake, akamwambia kitu kilichoitwa na mwenye nyumba hakifukuzwi na mgeni.

Yeye ndiye aliyekuwa mgeni sasa.

Alijifariji na jambo moja. Watoto wanalishwa. Hawafokewi. Usiku alijiambia hivyo mpaka maneno yakaishiwa maana, na chuki yake yote akaielekeza kwa Mwalimu, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuliko kumchukia mtoto.

Wiki ya tatu, jioni, alikuwa anachonga nta pale simu ilipolia. Namba ya Mwalimu. Aliiacha ikalia. Ikalia tena. Akapokea bila kusema.

Ilikuwa pumzi ndogo, ya haraka.

"Mama?"

"Kitinda! Mama yangu... uko wapi?"

"Nimejificha chini ya kitanda. Ongea polepole."

Fundi aliweka kisu cha nta chini. "Amekupiga?"

"Hapana. Hapigi. Huwa ananiangalia tu ninavyokula. Mimi bado nasema hapana, kila siku. Naleta fujo mezani, kaka anasema."

"Baba yako yuko wapi?"

"Yuko mlangoni. Mama..." Sauti ilishuka mpaka ikawa hewa tupu. "Leo boksi limeletwa na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Msichana. Kafunika mdomo. Ana viatu kama vyangu."

Fundi alikuwa amekwishasimama, aproni ya kazi bado shingoni, anautafuta mlango kwa mikono kama kipofu. Simu ilikuwa sikioni. Upande wa pili, mbali, alisikia sauti ya chini ikiuliza jambo.

"Kitinda, baba anasema nini? Baba anajibu nini?"

Mtoto akaanza kulia.

"Mama... baba amesema ndiyo."