Mwisho wa Filamu ya Saa Nane

Mjane kwetu Karaikudi, kusini mwa India, havai maua kichwani. Ndiyo maana Poonkodi alishtuka mchana ule alipomkuta mama mkwe wake, bibi Valliammai wa miaka sabini na minne, ana asumini mbichi nyweleni, na mlango wa nje umefungwa komeo kwa ndani. Alipomuuliza yametoka wapi, bibi aliona haya kama mwari na kugeukia televisheni.

Filamu yenyewe ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya wapendanao wanaoimbiana kisimani bila hata kugusana vidole. Kila siku saa nane bibi alitandika mkeka na kuiweka diski. Poonkodi, mpenzi wa filamu za siku hizi za kurukaruka, alimtania wiki nzima, kisha akanasa naye. Lakini kila ikikaribia mwisho, umeme ulikatika, na kwa jirani feni zinazunguka kama kawaida.

Siku zilivyopita, kwenye kiza cha chumba kile ikaanza kunuka sigara ya majani ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeivuta, na upande mtupu wa mkeka ukawa unabonyea taratibu, huku sauti ya mwanamume ikiuendeleza wimbo pale ulipokatikia, na bibi akiitikia kwa macho yaliyofumbwa. Bibi akaacha kula. Mkono wake ukabaki mifupa, na Poonkodi, ambaye hakuwa na mama mwingine duniani, akamwita mganga.

Mganga alipiga ngoma yake mpaka sauti nzito ikatoka kinywani mwa bibi.

“Mimi Kathiresan, mumewe huyu. Yeye alikaa upande wa wanawake, mimi wa wanaume, ndivyo sinema ilivyokuwa enzi zile. Umeme ukakatika kabla ya mwisho. Nikatoka kuvuta, nyoka akanigonga. Miaka hamsini na mitano nasubiri kujua kama wale wa kisimani walioana.”

“Ukiuona mwisho, utaondoka?” mganga akauliza.

“Naapa, nitaondoka.”

Poonkodi hakungoja zaidi. Simu haijali umeme kukatika, basi akaitafuta filamu humo, akaishika mbele ya uso wa mama mkwe wake. Safari hii haikukatika. Wale wapendanao, kwa mara ya kwanza, walishikana mikono na kuingia kwenye ukungu wa mtoni. Poonkodi alilia kwa raha. Harufu ya sigara ikapita karibu yake, ikatoka mlangoni.

“Mama,” akanong'ona, “ameondoka.”

Akageuka kumtazama bibi. Alilala kwenye mkeka akitabasamu, kifua kimetulia, vidole vya mkono wa kulia vimekunjwa kama vilivyoshikwa na mtu. Kathiresan alitimiza kiapo chake. Ni wao tu ambao hawakumuuliza kama angeondoka peke yake.