Sheria ya Aliyeangushwa

Wajukuu zangu, katika duka la vifaa vya kompyuta watu walisongamana kama siafu, na fimbo ya kurushia ndege za mchezo wa kompyuta ilibaki moja tu rafuni. Mikono ya watu wawili ikaidaka.

"Dada, hiyo nimeiona mimi kwanza."

"Umeishika kwa macho, kaka. Mimi nimeishika kwa mkono."

Yule dada alikuwa muuguzi, bado na gauni lake jeupe la kazi na raba nyekundu. Mwenzake, fundi wa kompyuta mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola, alicheka akamwachia. Marafiki zake walimwita Kapteni, kwa sababu kila Jumamosi aliongoza vita vya ndege za kale mtandaoni, watu mia mbili.

"Kwangu unaruka dakika hamsini ndipo umwone adui," alijigamba. "Kama ilivyokuwa kweli."

"Dakika hamsini natazama mawingu? Mimi mapumziko yangu nusu saa. Nipae, nipigwe, nirudi, nipigwe tena."

"Marubani wa zamani walikufa mara moja tu."

"Ndiyo maana hawapo."

Mapenzi yakaingia hapo. Kapteni alimbatiza Sindano, na kila Jumanne akamfungulia uwanja wa haraka, wa kufa na kufufuka. Lakini Jumamosi hakulegeza kamba: simu zizimwe, na aliyeangushwa asiseme wala kuandika hadi mwisho.

Jumamosi moja mchana, hospitali ikampa Sindano nafasi ya kazi katika mji wa mbali, miaka mitatu. Jibu kabla ya saa kumi.

"Kapteni akisema baki, nabaki," alimwambia dada yake.

Akapiga simu. Imezimwa. Akapiga mara tano. Basi akaingia vitani kwa kompyuta ya chumba cha wauguzi. Nafasi zilibaki upande wa adui tu, na mchezo haumruhusu adui kumwandikia adui. Akamfuata Kapteni mawinguni, hakufyatua hata risasi moja, akampungia mabawa, kushoto, kulia, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

Kapteni akadhani ni hila. Akamwangusha.

Haya, tegueni: ana mdomo, ana sauti, ana la kusema, na bado ni bubu. Ni maiti wa mchezo, wajukuu zangu. Vidole vya Sindano viligonga vitufe, kioo kikabaki cheusi. Saa kumi ilipokaribia kugonga, akasaini.

Saa kumi na moja Kapteni akasoma orodha ya walioanguka. Akawasha simu, akampigia Sindano.

"Mpenzi, kumbe ulikuwa wewe? Mbona hukunipiga risasi?"

"Nikupige wewe?"

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Akamwambia yote.

"Kafute hiyo saini."

"Mwenzangu aliyekuwa wa pili kwenye orodha wamekwishamwambia nafasi imejaa. Na wodi kule haina mtu."

"Nitaifuta ile sheria."

"Ilikuwa nzuri, Kapteni. Wote wameisifia."

Jumatatu asubuhi Kapteni alimbebea begi hadi mlangoni mwa basi. Sindano alivaa blauzi ya kijani, alinukia sabuni. Kapteni alizungumza habari za mvua, za tairi, za viti vya dirishani. Kondakta akamkatia Sindano tiketi, mguu mmoja tayari ngazini.

"Baki," Kapteni akasema, kwa sauti ndogo.

Sindano akamgusa kola.

"Asante, mpenzi wangu. Hilo ndilo nililotaka kusikia."

Akapanda.