Mvinyo Uliotemwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Zulmira na baba yake, Firmino, walikamua ng'ombe wao sita, kisha wakabeba maziwa hadi kituo cha kukusanyia, chini karibu na kanisa. Katika kisiwa cha Flores njia ni kupanda na kushuka tu, katikati ya kuta za mawe meusi. Zulmira aliipenda kazi hiyo mpaka baba alipoanza kuyumba.

Asubuhi moja baba alijikwaa mahali pasipo na jiwe. Kopo likabingirika na maziwa yakamwagika barabarani. Wanaume waliosimama mlangoni mwa baa ya Abilio wakacheka.

"Firmino ndugu yangu, jua halijachomoza wewe umeshalewa?" Abilio akamtania. "Si ungetubakishia na sisi kidogo."

Baba naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchefua Zulmira kuliko yote. Alipomshika mkono ili amwinue, harufu ya mvinyo ilimpiga puani, akauachia mkono ule kana kwamba ameshika konokono. Shuleni walikwisha kumpa jina, Binti Chupa. Valdemar, mtoto wa mwokaji mikate, hupita katikati ya madawati akipepesuka, na darasa zima hucheka. Zulmira alimwonea Valdemar kinyaa, lakini aliyemwonea kinyaa zaidi ni baba yake mwenyewe.

Sikukuu ya Roho Mtakatifu ilikuwa mwezi ujao, na kura ya kumchagua mbeba taji ilikuwa imemwangukia Firmino. Yeye ndiye angelibeba taji la fedha kutoka kanisani, mbele ya kijiji kizima. Kila Zulmira alipowaza hilo, aliliona taji likibingirika barabarani kama lile kopo.

Jumamosi alasiri aliingia zizini kuitafuta chupa ili aimwage. Aliikuta nyuma ya hori, imejaa karibu mpaka shingoni. Kabla hajaigusa alisikia nyayo, akajibanza nyuma ya majani makavu. Baba aliingia, akajaza mvinyo mdomoni, akasukutua, kisha akautema mvinyo wote chini. Akalowesha vidole na kujipaka kwenye kola ya shati.

"Baba, unafanya nini?"

Firmino alishtuka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Bibi yako alianza hivi hivi," alisema. "Kwanza kujikwaa, halafu ulimi ukawa mzito, halafu kitandani miaka tisa. Watu walikuwa wakivuka barabara wasipite dirishani kwake. Mlevi huchekwa tu, mwanangu, halafu yamekwisha. Lakini mwenye ugonjwa wa kujikwaa, watu hutazama miguu ya ukoo wake mzima. Nani atakuja kukuposa wewe?"

Miezi mitano alikuwa amemchukia mtu kwa mvinyo ambao hakuumeza. Kumbe kinyaa chake kilikuwa kimekosea nyumba.

"Nimekuchukia, baba. Nimekataa hata kula meza moja na wewe. Ndivyo ulivyotaka?"

Baba aliinamisha kichwa.

"Jumatatu daktari wa ugonjwa huo anakuja kituo cha afya," Zulmira alisema. " Tangazo limebandikwa shuleni."

"Nikionekana pale nimekwisha."

"Umeshakwisha tayari. Afadhali mimi niwe binti wa mgonjwa kuliko binti wa mlevi wa uongo."

Jumatatu walikwenda wote wawili. Daktari Constança alimketisha Firmino mbele ya skrini, akamwambia aifuate nukta ya kijani kwa macho bila kugeuza kichwa, huku kamera ndogo ikirekodi. Kisha akamtembeza juu ya mstari mweupe sakafuni, kisigino kikigusa vidole. Zulmira aliona jinsi macho ya baba yalivyorukaruka kila yalipofika pembeni.

"Sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo imeanza kuchoka," daktari alisema. "Mara nyingi macho husema mapema kuliko miguu. Damu itathibitisha. Dawa ya kuuponya hatuna bado, sitakudanganya. Lakini tukiujua mapema utafanya mazoezi ya miguu, utaepuka kuanguka vibaya, na dawa mpya zikija kujaribiwa tutajua pa kukupata. Halafu huu ugonjwa hurithiwa, hauambukizwi. Wanaowakwepa wagonjwa wanajichosha bure."

"Na mimi je?" Zulmira aliuliza.

"Kwako uwezekano wa kuurithi ni nusu kwa nusu. Watoto wasio na dalili hatuwapimi. Ukifika miaka kumi na minane utaamua mwenyewe, na ukikataa hakuna wa kukulazimisha."

Majibu ya damu yalikuja siku chache kabla ya sikukuu, na yalikuwa kama daktari alivyosema. Siku yenyewe Zulmira ndiye aliyelibeba taji badala ya baba yake. Firmino alitembea kando yake, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine begani kwa bintiye. Mlangoni mwa kanisa Abilio alisimama na glasi yake.

"Firmino, leo umekunywa ngapi?"

"Hata moja. Wala jana, wala mwezi uliopita. Ni ugonjwa wa mama yangu, Abilio. Nilikuwa nautema ule mvinyo."

Abilio aliitazama glasi mkononi mwake, kisha akaitazama miguu yake mwenyewe. Akamsogelea Firmino na kumnong'oneza, "Hata mimi siku hizi najikwaa. Huyo daktari anarudi lini?"

"Alhamisi. Tutakwenda pamoja."

Walipoanza kupanda njia ya kurudi, Firmino alimwambia bintiye, "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ndani ya chupa, na kilichokaribia kufa ni upendo wako. Ukiumwa, mwanangu, sema mapema, wala usimcheke anayejikwaa kabla hujajua kinachomkwaza."

Zulmira alilishika taji vizuri, akapunguza mwendo ili baba asiachwe nyuma.