Kura Isiyo na Jina

Lowri alikuwa anasuka maziwa, Gruffydd anaandika. Ndivyo asubuhi zao zilivyokuwa majira yale ya baridi. Mke anapandisha na kushusha mti wa pipa mpaka siagi ishike. Mume amekaa karibu na moto, kibao kiko magotini, ulimi umetoka nje kidogo, na chaki imepotea katika vidole vyake vinene.

"Hebu itazame hii," alisema Gruffydd.

Lowri aliliacha pipa akaja. Kibao kilisema: Gruffydd Rowlands. Herufi kumi na sita, na zote zimesimama.

"Mbona hizi mbili za katikati zimelewa?" alimtania.

"Hazijalewa. Zimetoka shamba, zimechoka."

Gruffydd alikuwa na miaka arobaini na sita. Mwaka mzima, kila Jumapili, alikuwa akienda darasa la chapeli, kanisa lao dogo, akakaa benchi moja na watoto wa majirani. Magoti yake hayakuenea chini ya meza. Watoto walimcheka, naye akacheka nao, lakini hakuacha. Lowri alijua kusoma tangu utotoni. Alimwonea fahari mumewe kuliko alivyomwambia.

"Baada ya wiki mbili ni uchaguzi," alisema Gruffydd. "Nitaandika jina langu kwenye karatasi ya kura. Kubwa kabisa. Kila mtu ajue Gruffydd Rowlands amemchagua nani."

Lowri alitabasamu, akarudi kwenye pipa lake. Hakujua kwamba mumewe alikuwa anajitayarisha kwa bidii zote kukosea.

Lazima niseme kwa nini jambo hili lilimkaa Gruffydd moyoni namna ile. Jimbo lao, jimbo la Aeddan, lilikaa miaka sitini bila kupiga kura. Kiti cha bunge kilikuwa cha jumba kubwa, ukoo wa wenye ardhi. Baba akizeeka, anakaa mwana. Mwana akichoka, anakaa binamu. Mpinzani hakuna, basi kura za nini? Watu walisikia tu kwamba wamepata mbunge, wakaendelea kukata nyasi.

Mwaka 1868 akajitokeza mpinzani. Aliitwa Josiah Penry, mfanyabiashara wa sufu, mtu wa chapeli kama wao. Upande wa jumba kubwa alisimama Kapteni Harcourt. Siku zile kura ilipigwa kwa mdomo. Mtu alipanda jukwaani mbele ya umma, akataja jina la amtakaye, na karani akaliandika kitabuni. Chini ya jukwaa alisimama Bwana Prothero, wakala wa jumba kubwa, akisikiliza. Mashamba yote ya pale yalikuwa ya jumba kubwa, na wakulima wote walikuwa wapangaji wa mwaka hadi mwaka.

Ebeneser, babake Lowri, alipanda akasema, "Penry." Sauti yake ilifika mpaka mtoni. Nyuma yake akapanda mkwewe, Gruffydd. Gruffydd alimtazama Bwana Prothero. Akasema, "Harcourt."

Penry alishindwa. Machi iliyofuata Ebeneser alipata barua ya kuhama katika shamba alilozaliwa. Gruffydd hakupata barua. Mzee akaja kuishi kwao, katika chumba cha juu ya stoo ya maziwa. Akaishi miaka mitatu, akafariki. Jambo la jukwaani halikutajwa nyumbani mle hata siku moja.

Sasa Penry na Harcourt walikuwa wanashindana tena. Jumatano ya wiki ile ya kibao Bwana Prothero alipita na farasi wake. Aliingia ndani, akapewa maziwa ya mtindi na mkate wa shayiri. Alikula polepole huku akiangalia juu.

"Paa zuri hili, Rowlands. Umelitengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe, bwana."

"Vizuri. Itasikitisha mtu mwingine akija kulifaidi. Kapteni anakutegemea, unajua."

"Siku hizi kura ni siri, bwana. Sheria imebadilika."

Bwana Prothero alicheka. "Siri? Kila karatasi ina namba mgongoni. Tutajua tu."

Akamaliza maziwa, akamshukuru Lowri kwa adabu, akaenda zake. Lowri alikiosha kikombe kile mara mbili.

Mchana alibeba viatu vibovu vya mumewe akavipeleka kwa Silfanus, fundi viatu. Kwa Silfanus ndiko wanaume walikokutana kubishana habari za dunia. Juma lililopita fundi huyo alikuwa amekwenda mjini kwenye mkutano wa kufundishwa sheria mpya ya kura. Lowri alimweleza maneno ya Prothero. Halafu, kwa fahari tu, akamweleza kwamba Gruffydd ataandika jina lake kwenye karatasi.

Silfanus alikuwa na misumari midogo mdomoni. Aliitema yote kiganjani.

"Ataandika nini?"

"Jina lake. Ameshaliweza."

"Binti Ebeneser, kaa chini." Lowri akakaa. "Karatasi yenye jina la mpiga kura imeharibika. Haihesabiwi. Na kabla ya kuwekwa kando, mawakala wa pande zote mbili wanaiona. Na Prothero atakuwepo. Umenielewa?"

Lowri alielewa. Kura itapotea, na shamba litapotea. Alimwomba Silfanus aje kumfundisha mumewe.

Kesho yake Silfanus alikuja nyumbani kwao na boksi la kuwekea viatu. Alikuwa amelitoboa juu. Aliliweka mezani pamoja na vipande vya karatasi na penseli.

"Nimesikia unataka kujiandikisha jeshini, Gruffydd."

"Jeshi gani?"

"Sijui. Huko ndiko mtu anakotia sahihi. Kwenye kura hatutii sahihi." Aliandika majina mawili kwenye karatasi, moja chini ya jingine: Harcourt, Penry. "Utaingia shuleni, utataja jina lako kwa karani. Atalitafuta katika daftari. Atakupa karatasi yenye muhuri. Utakwenda peke yako kwenye kijumba cha mbao. Huko kuna penseli imefungwa kwa uzi. Utatia alama ya mkasi, X, mbele ya jina la umtakaye. Moja tu. Usiandike kitu kingine. Kisha ikunje, umwonyeshe msimamizi muhuri ulio mgongoni, uitie sandukuni. Basi."

"Na ile namba?"

"Namba ipo. Karani ana kipande chenye namba hiyo hiyo, ili wezi wa kura wakamatwe. Lakini wakishahesabu, karatasi zote na vipande vyote hufungwa na kupigwa lakiri. Havifunguliwi ila kwa amri ya mahakama. Prothero hana mahakama. Ana farasi."

Lowri alicheka. Gruffydd hakucheka.

"Alama ya mkasi," alisema. "Hiyo nilikuwa naitia kabla sijajua kuandika. Mwaka mzima nimekaa na watoto ili nirudi kwenye mkasi? Na kwa nini nijifiche? Mtu mwaminifu hafichi lake."

"Kila asubuhi nakusikia ukisali zizini," alisema Lowri. "Mbona huendi kusali barabarani?"

"Hilo ni jambo jingine, Lowri."

"Si jingine. Niambie ukweli. Ni nini hasa?"

Gruffydd aliigeuzageuza penseli. Silfanus, mtu mwenye akili, aliinuka akaenda kumwangalia ndama ambaye hakuwa na shida yoyote.

"Jina langu limo katika kile kitabu," alisema Gruffydd hatimaye. "Walikichapisha, wakakiuza dukani. Baba yako yuko upande mmoja, mimi niko upande wa pili. Wajukuu wa watu watakisoma. Nilitaka mara hii jina langu liandikwe upande wake. Niliandike mwenyewe, kwa mkono wangu."

Basi ndiyo hiyo. Miaka mitano na zaidi walikuwa wamelala kitanda kimoja na jambo hili katikati yao.

Lowri alikaa karibu naye. "Nilikukasirikia," alisema. "Sikufichi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nashindwa hata kukutazama ukila. Baba ndiye aliyenikataza. Nilikuwa namvua viatu, akaniambia, 'Lowri, lau mumeo angesema kama mimi, leo viatu hivi ungenivulia wapi?' Ndivyo alivyosema. Hakuwa na kinyongo na wewe. Alikufa chini ya paa lako, ameshiba, ana moto."

"Hukuniambia."

"Sikukwambia. Nilitaka uendelee kuumia kidogo. Nisamehe."

Gruffydd aliufunika uso wake kwa mikono yake miwili. Alilia bila sauti, mabega yakitikisika, na Lowri akamshika mgongo mpaka akatulia. Nje Silfanus alimaliza kumwangalia ndama, akaanza kuwaangalia kuku.

Jioni ile Gruffydd alipiga kura za mazoezi ishirini katika boksi la viatu. Mbili ziliharibika. Katika moja alitia mkasi mbele ya majina yote mawili kwa haraka. Katika nyingine mkono uliteleza ukaandika G.

"Hiyo ndiyo tusiyoitaka," alisema Silfanus. "Tena."

Siku ya kura, mwezi wa Februari mwaka 1874, mvua ya barafu ilinyesha tangu alfajiri. Wanaume walipanga foleni nje ya shule. Wake zao walisimama ng'ambo ya njia, maana sheria haikuwapa kura wanawake, na ilichukua miaka mingine mingi kabla haijawapa. Lowri alisimama na shali kichwani. Alikuwa anajua kila hatua kuliko nusu ya wale waliokuwa kwenye foleni, na hakuruhusiwa hata kuvuka kizingiti.

Bwana Prothero alisimama mlangoni. Alimtazama usoni kila aliyetoka. Mtu mmoja alipiga chafya. Mwingine alimsalimu. Nyuso zote zilikuwa zimepigwa na baridi, na uso uliopigwa na baridi hausemi kitu.

Gruffydd alikaa ndani muda mrefu. Lowri alimwona jirani aliyeingia baada yake akitoka kabla yake. Anaandika, alijiambia. Mungu wangu, anaandika.

Mwishowe Gruffydd alitoka. Alimvulia Bwana Prothero kofia, akavuka njia.

"Umekawia," alisema Lowri.

"Mkono ulitaka kuandika. Ilibidi niungoje uache."

"Ukaacha?"

"Ukaacha."

Wakarudi nyumbani kukamua. Lowri hakuuliza zaidi. Njiani kulikuwa na watu.

Kura zilipohesabiwa, Kapteni Harcourt alishindwa kwa kura thelathini na moja. Miaka yote ile jumba kubwa halikuwahi kupoteza kiti. Bwana Prothero alipita nyumba kwa nyumba, wapangaji themanini na wawili, akiuliza kwa upole na akiuliza kwa ukali. Kila nyumba ilimkaribisha, ikampa maziwa ya mtindi. Alikunywa maziwa mengi wiki ile. Kwa Gruffydd aliuliza, "Ulimpigia nani?" Gruffydd akajibu, "Karatasi imo sandukuni, bwana, na mimi sina ufunguo." Kuwafukuza wote hakuweza, nani angelima? Kumchagua wa kumfukuza hakuweza pia, maana hakujua.

Siku hizi jimbo la Aeddan halipo. Mipaka ilichorwa upya, vijiji vyake vikagawiwa majimbo mengine, na jina likafutwa. Wapiga kura wa pale bado wanaingia peke yao, wanatia alama moja, wanakunja karatasi, wanaitia sandukuni, na hakuna anayesimama chini yao akisikiliza.

Barua za kuhama zilikuwa zikija tarehe ishirini na tano Machi. Mwaka ule, siku hiyo, Lowri hakukaa chini. Alifua visivyohitaji kufuliwa. Alimwona mleta barua akipanda kilima, akasimama katikati ya ua akiwa ameshika shuka mbichi. Mleta barua aliinua mkono kumsalimu, akapita.

Usiku ulipoanza kuingia walikaa kula. Mlango ulikuwa wazi, hewa ilikuwa imeanza kupata joto.

"Hujaniuliza," alisema Gruffydd.

"Nini?"

"Nilimpigia nani."

"Ni siri yako. Sheria imekupa. Hata mimi huna deni la kunijibu."

"Najua. Ndiyo maana nataka kukwambia. Kule jukwaani nilisema kwa sababu Prothero alitaka kusikia. Hapa nasema kwa sababu nataka wewe usikie."

Lowri aliweka kijiko chini. Gruffydd aliinuka, akasimama wima kama mtu aliyeitwa mbele ya umma, mikono imenyooka ubavuni.

"Penry," alisema.

Sauti yake haikufika mtoni. Ilifika kwa mkewe, naye aliinuka akamkumbatia.