Mtu Aliyewapa Wageni Uso

Maiti ilikuwa imelala chini kabisa ya ngazi za mawe, shingo imepinda upande ambao shingo haikuumbwa kupinda. Juu, kwenye mdomo wa shimo, kundi la wageni lilikuwa bado linapiga picha.

"Waondoe hao," alisema Inspekta.

"Wanasema wako kwenye ziara ya kiroho, afande," Koplo alijibu.

"Wakazuru huko nje. Roho iliyokuwemo humu imeshatoka."

Koplo akawaswaga wageni taratibu hadi uani. Alikuwa pekupeku, kwa kuwa mlangoni palikuwa na kibao kinachomwamuru kila anayeingia avue viatu, na Koplo alikuwa mtu wa kutii vibao. Inspekta aliingia na buti zake. Mlinzi wa viatu alifungua mdomo alalamike, akatupiwa jicho moja tu, akaufunga.

Inspekta aliuchukia mji ule tangu siku aliyohamishiwa hapo, na hakuficha. Mji mkongwe, mji wa sala, mji wa baraka. Ndivyo mabango yalivyosema. Alichokiona yeye ni mji mzima unaomla marehemu mmoja. Marehemu huyo aliitwa Mchamungu. Zama hizo za kale alichoshwa na kelele za watu, akajichimbia pango chini ya ardhi apate kusali kwa utulivu. Maskini! Watu wakamfuata huko huko na kofia zao za jua. Sasa kila duka liliuza maji ya Mchamungu, udongo wa Mchamungu, hata kandambili za Mchamungu. Hewa ya Mchamungu ndani ya chupa Inspekta alikuwa hajaiona, ila aliamini iko njiani.

Lakini maiti ni maiti, hata kwenye mji wa wanafiki.

Aliyekufa alikuwa mwongoza wageni. Watu walimwita Kinyumenyume, maana ndivyo alivyofanya kazi: uso kwa wageni, mgongo kwa njia, anasimulia huku anarudi nyuma bila kugeuka hata mara moja. Alivuka vizingiti, akapinda kona, akapenya kati ya nguzo, yote kwa mgongo. Wapo waliokuja kumtazama yeye kuliko pango lenyewe. Asubuhi hiyo aliingia na kundi lake kwenye chumba kilicho juu ya pango, akarudi nyuma juu ya zulia refu jekundu linaloelekea shimoni, akiwa katikati ya hadithi. Mara hayupo. Kundi zima lilimwona akitoweka, na hakuna aliyemgusa. Video zilikuwepo za kumwaga.

"Ajali, mwanangu," alisema Msimamizi wa mahali pale. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya asali, na miguuni alivaa viatu laini vya ngozi. "Inaniuma kusema, lakini mzee wetu alikuwa amelewa."

"Mimi si mwanao. Ulimwona akinywa?"

"Mambo mengine mtu huyahisi tu."

"Polisi hawaandiki hisia. Ulimwona?"

"Sikumwona."

"Ulimnusa?"

"Siwezi kusema nilimnusa."

"Basi hujui kitu. Kaa pale."

Daktari wa polisi alipanda kutoka pangoni akihema. "Shingo imevunjika, amekufa papo hapo. Pombe? Kwa pua yangu, hakuna. Ananuka karafuu tu. Lakini pua yangu haiingii kwenye ripoti, tusubiri maabara."

Hapo mwanamke mmoja aliyesimama kizingitini akasogea. Alikuwa binti ya marehemu, mtoto wake pekee. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imara.

"Afande, wanasema baba alikufa mlevi."

"Nimesikia wanavyosema."

"Msimamizi ameshatangaza kwamba hatazikwa kwenye makaburi ya watumishi. Eti mlevi halazwi pale. Mama yangu yuko pale, afande. Baba alishaacha nafasi ubavuni pake, anaifyekea majani kwa mkono wake mwenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kuonja! Sikuombi kingine. Andika kwamba hakunywa, nimlaze baba yangu kwa mama."

Inspekta hakuwa mwepesi wa kuguswa. Lakini mwanamke huyu hakutaka maji ya mtu wala udongo wa mtu. Alitaka ukweli, bidhaa ambayo kwenye mji ule haikuwa na duka.

"Alikuwa anatembeaje vile bila kuanguka?" aliuliza. "Alihesabu hatua?"

"Wote wanadhani alihesabu. Alitumia visigino. Kila jiwe la humu kisigino chake kililijua. Kwenye chumba hiki, zulia likiisha na kisigino kikigusa jiwe baridi, anasimama hapo hapo. Hatua moja nyuma yake ndipo shimo linapoanza. Wageni wanashtuka, wanapiga makofi. Alitufundisha nyumbani, sebuleni, juu ya mkeka. Mimi na mume wangu."

"Mumeo naye ni mwongozaji?"

"Yule pale wa bendera."

Uani alisimama kijana mwembamba ameshika kijiti chenye kibendera cha njano, kichwa chini, wageni wanampa pole. Inspekta aliona bendera, akaona kisogo, akaona kwamba hapo hapana mtu wa kupotezea muda.

"Afande," Koplo aliita kutoka ukingoni mwa shimo. "Hebu kanyaga hapa."

"Nimeshakanyaga."

"Kwa buti, afande. Vua."

Inspekta akaguna, akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia nje kusalimia mji mtakatifu. Koplo akatazama dari kwa heshima.

Alikanyaga. Chini ya zulia, karibu na shimo, palikuwa na vinundu vigumu. Wakaliinua. Jiwe lilikuwa limejaa matone ya nta, tabaka juu ya tabaka, ya mishumaa ambayo wageni huja nayo wakasimama pale kuchungulia pango. Nta ya miaka na miaka.

"Nta haidondoki chini ya zulia," alisema Inspekta.

"Hapa hapakuwa na zulia," Koplo akadakia.

Wakaenda upande wa mlangoni. Huko, palipopaswa kuwa na zulia, palikuwa na kipande cha sakafu cheupe, safi, kisichojua jua wala nyayo. Zulia lilikuwa limevutwa hatua nzima kuelekea shimoni, ncha yake sawa kabisa na mdomo wa ngazi. Kisigino cha mzee kilingoja ubaridi wa jiwe. Ubaridi ulipokuja, ulikuwa wa hewa.

"Ameuawa," Koplo alisema polepole.

"Na zulia. Niletee yule mwenye sauti ya asali."

Inspekta alimrudia Msimamizi kwa furaha ambayo hakujaribu kuizuia. Alikuwa ameshamhukumu tangu neno "mwanangu."

"Nani alivuta zulia?"

"Zulia gani?"

"Usinichezee. Ulikimbilia kusema amelewa kabla maiti haijapoa. Ulikuwa unaficha nini?"

Mzee akatazama shimo. "Uzio," alisema.

"Uzio gani?"

"Niliambiwa zamani niweke uzio kwenye shimo. Nikakataa, unaharibu picha za wageni. Leo ningesema ajali tu, wangeniuliza uzio uko wapi. Mtu akilewa, lawama ni yake."

"Yaani ulilizika jina lake ili wewe upone."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nikikusikia tena ukiniita mwanao nakuweka ndani kwa hilo peke yake. Alikuwa anajuaje pa kusimama?"

"Si alikuwa anahesabu? Kila mtu anajua alikuwa anahesabu."

Inspekta akatazama viatu laini vya ngozi. "Wewe mbona huvui?"

"Magoti, afande. Baridi ya mawe nimekatazwa. Sijakanyaga hapa peku tangu nishike kazi hii."

Ilimuuma Inspekta, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mtu ambaye hajawahi kulihisi jiwe kwa mguu wake asingejua siri ya kisigino. Mzee alikuwa mnafiki, mwoga na mwongo, lakini muuaji hakuwa. Angependa sana kumfunga.

"Leo nani aliingia humu kwanza?"

"Mwenye kundi la kwanza ndiye hufungua, akawasha mishumaa. Leo ilikuwa zamu ya mkwe wake. Yule wa bendera."

Kabla Inspekta hajajibu, kelele zikazuka uani. Mama mmoja mwenye kofia pana alikuwa anamfokea mlinzi wa viatu.

"Nimesafiri kote huko nije kupitishwa ukutani kama mbuzi? Tumeambiwa tusikanyage zulia, ni takatifu! Shimo hatukuchungulia. Kundi lililofuata nimeliona kwa macho yangu likikanyaga zulia lile lile. Kwa nini wao ndiyo, sisi hapana?"

Inspekta akasimama mbele yake na soksi zake zenye tundu. "Mama, kundi lenu lilikuwa la nani?"

"Lile la bendera ya njano."

"Asante. Tangu nihamie mji huu, hili ndilo swali la kwanza la maana nililolisikia."

Walimhoji mkwe kwenye chumba cha kuwekea viatu, kati ya rafu zilizojaa kandambili za watu. Alikalia benchi, bendera mapajani. Koplo alisimama kando na kalamu.

"Kila siku kundi lako linapita wapi?" Inspekta aliuliza.

"Katikati, afande. Juu ya zulia."

"Na leo?"

"Pembeni."

"Kwa nini?"

"Nilibadilisha tu."

"Ukawaambia zulia ni takatifu. Jana lilikuwa nini?"

Kijana akakisogeza kibendera mapajani.

"Nitakusaidia. Ulijua mtu akilifuata zulia lile hadi mwisho ataangukia shimoni. Wageni wako ukawahurumia. Baba mkwe wako je?"

"Afande, sijamgusa mtu."

"Hukumgusa. Ulimwachia zulia. Aliyekufundisha habari ya kisigino ni yeye, sebuleni kwake, na ukamrudishia fadhila kwa kisigino hicho hicho. Una haki ya kukaa kimya. Lakini ukikaa kimya, nitatoka na kile nilichonacho, na kinatosha."

Kijana akakikunja kibendera mpaka kijiti kikalia.

"Wewe hujawahi kuchekwa," alisema.

"Endelea."

"Kila siku makundi yetu yakikutana uani, anawaambia wageni wake kwa sauti: 'Mimi nawapa uso. Yule pale, mkwe wangu, anawapa kisogo. Na kisogo chenyewe hebu kioneni!' Watu wanavunjika mbavu. Wake wanacheka, wangu wanacheka. Nilijaribu kujifunza nitembee kama yeye, nikaanguka mbele ya watu. Akaifanya hadithi. Aliisimulia humo ndani, juu ya pango la Mchamungu, kabla hawajaanza kusali. Kila siku, afande. Mimi nimekuwa sehemu ya ziara, kama zile nguzo!"

"Ukaamua kumuua."

"Nilitaka ajikwae! Wamcheke mara moja. Mara moja tu, na yeye aonje."

"Ungetaka ajikwae ungelikunja zulia mlangoni, akaanguka kwa makalio, mkacheka wote. Ulilivuta mpaka kwenye ngazi za mawe."

Kijana alifumba macho. Nje mama wa kofia alisikika bado analalamika.

"Nililivuta mpaka kwenye ngazi," alisema mwishowe. "Nikapima kwa kisigino changu mwenyewe kama ncha imefika. Ilikuwa imefika."

Koplo akaandika. Inspekta alihisi ile dharau yake ikimpanda kama kawaida, tayari kwa maneno makali. Kuua kwa sababu ya mzaha! Mtu mzima na kibendera chake! Ndipo akakumbuka kwamba tangu afike hapo hakumwita kijana huyu kwa kingine ila "yule wa bendera." Akayaacha maneno hayo, na hakupenda.

"Ungemwambia aache," alisema, kwa sauti ya chini kidogo.

"Nilimwomba mke wangu amwambie. Nilipiga magoti, afande, nyumbani kwangu." Kijana akainua uso kwa mara ya kwanza, akatazama nyuma ya Inspekta. "Na yeye akacheka."

Inspekta akageuka. Binti ya marehemu alikuwa mlangoni. Alikuwa peku, hakuna aliyemsikia akifika.

"Nilicheka," alisema. "Baba alikuwa anachekesha. Nilidhani na wewe umezoea."

Koplo akafunika kalamu yake.

Inspekta alimvuta Msimamizi hadi katikati ya uani, akamlazimisha atangaze mbele ya wageni na wauza maji kwamba mzee hakunywa, kwamba yeye Msimamizi alisema uongo, na kwamba marehemu atalazwa alipojichagulia, ubavuni kwa mkewe. Sauti ya asali ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Wageni waliirekodi yote.

Kisha wakamtoa kijana, pingu mikononi, Koplo mbele na askari ubavuni. Bendera ilibaki kwenye benchi. Wageni wakainua simu zao. Mmoja alicheka, sijui kwa nini, labda kwa woga, na kisogo cha kijana kikashtuka kama kimepigwa kofi.

"Mume wangu," aliita mkewe.

Kijana aliendelea kutembea.

"Mume wangu, geuka. Geuka basi nikuone uso."

Hakugeuka. Alipita lango, akainamishwa kichwa, akaingizwa garini.

Mwanamke alisimama pale mpaka gari likapinda kona. Inspekta alikuwa ameketi kwenye kizingiti, buti mkononi, hajui aanze na mguu upi.

"Umeandika kwamba hakunywa?" mwanamke aliuliza, bila kumtazama.

"Nimeandika, mama."

"Basi niache nikamwoshe baba yangu," alisema, akaingia ndani.