Bandeji za Clémentine

Jua lilikuwa linazama nilipotoka nyuma ya zahanati kuanua bandeji. Nilikuwa na hasira, sifichi. Ilikuwa mwaka 1961, Kalemie bado tukiiita Albertville. Daktari alikuwa amekimbia vita, akavuka ziwa hadi Kigoma, na mwenye duka mmoja asiye na haya alichanganya mafuta ya taa na esansi, petroli ya magari. Taa ikamlipukia mdogo wangu Bertille. Kifua na mikono yote miwili viliungua.

Kila asubuhi mimi, muuguzi pekee, nililowesha vidonda vyake kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikapaka vazelini, nikafunga upya. Bila bandeji safi angeoza akiwa hai.

Na bandeji zilikuwa nne tu. Nilizifungua kwenye maiti ya Clémentine, aliyeletwa kutoka Zongwe ameungua kwa mawese, akafa Jumatatu na kuacha watoto wadogo. Mama yake alinishika mkono.

"Papa Isidore, usizitoe. Zimekunywa maji ya mwili wake. Azikwe nazo."

"Mama, muntu amekwisha kufa, bandeji ni ya nini?" nilimfokea. Nikazitoa. Nikazichemsha mara mbili.

Sasa, kule nyuma, harufu ilinifikia kwanza... mawese yaliyoungua.

Mwanamke alisimama kwenye kamba, amenipa mgongo. Alikuwa anazikunja bandeji taratibu.

Mikono yake haikuwa na ngozi.

Hasira ilishinda woga.

"Acha," nilinong'ona. "Wewe umekwisha kufa. Mudogo yangu iko anaishi."

"Hizi njo bandeji zangu," alijibu bila kugeuka.

Nikamnyang'anya! Hakuvuta. Bandeji zilikuwa za moto, zikaniunguza viganja.

"Basi, umufunge," akasema.

Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu.

Ningefanya nini? Niambie wewe unayetikisa kichwa. Nyingine sikuwa nazo. Nikamfunga.

Tangu jioni ile Bertille hakulia tena. Baada ya wiki tano ngozi mpya ilifunika kifua. Watu wakanisifu. Sikutaka sifa, nilitaka shingo ya yule mwenye duka.

Siku nilipofungua bandeji ya mwisho, Bertille, ambaye tangu utotoni huniita yaya, yaani kaka, alinitazama kama mgeni.

"Aksanti, Papa Isidore. Sasa uniache niende. Watoto yangu wananingojea Zongwe. Mudogo iko ananyonya bado."

Bertille hajawahi kuzaa.